Boga Analolipenda Ngolo

Mzee Ndaki alikuwa ameshavuka miaka sitini alipomwona mke wake akila kwa mara ya kwanza. Nasema hivyo bila kutia chumvi. Walioana wakiwa vijana huko Maswa, wakashuka na ng'ombe mpaka huku Mwamkulu, wakazaa, wakazika, wakajenga na kubomoa na kujenga tena, na muda wote huo yeye alikula nje na wanaume, mkewe akala jikoni na wanawake. Ndivyo walivyolelewa. Chakula kilitoka jikoni kimefunikwa, bakuli likarudi tupu, na katikati ya hapo hakuna mwanamume aliyejiuliza mpishi amekula nini, au kama amekula.

Mimi nilijua, kwa sababu nilikuwa nakula naye. Shamba langu limepakana na boma lao. Naitwa Pudensiana, ila hapa wote wananiita Mama Lucia. Ni Mpimbwe wa Usevya. Ndoa ndiyo iliyonileta Mwamkulu, na mwenye ndoa alipofariki nikabaki na shamba na mgongo unaouma. Ngolo, mke wa Ndaki, ndiye alikuwa mtu wangu. Nikitoka kupalilia napita kwake, tunaketi kwenye vigoda karibu na mafiga, tunakula ugali wa moto na tunawasema waume zetu, hata wangu aliyekwisha kufa. Siku zikipatikana migebuka kutoka ziwani, hiyo ilikuwa sikukuu yake. Alianza na kichwa, akakinyonya mpaka mifupa ikabaki mikavu, halafu ndipo akaingia kwenye mnofu. Hakuna chakula alichokipenda kuliko hicho.

Boga hakuliweka mdomoni. Alipokuwa msichana ulipita mwaka wa njaa kwao, wakala boga asubuhi, mchana na jioni, la kuchemsha, bila chumvi, mpaka mwili wake ukalikataa moja kwa moja. Aliniambia mwenyewe kwamba akisikia tu harufu yake tumbo linamgeuka. Hata hivyo alilipanda kila mwaka kwenye kingo za mahindi, kwa ajili ya majani na kwa ajili ya mbegu za kukaanga. Maboga yenyewe yalikwenda kwa wanaume, na yaliyozidi aliniletea mimi, moja kichwani na moja kwapani.

"Chukua, Mama Lucia," angesema, "uniondolee hivi vitu nyumbani."

Mimi boga nalipenda, sisi Wapimbwe hatuna ugomvi nalo. Mbegu ninazopanda mpaka leo zilitoka kwake.

Mwaka huu, mvua zikiwa katikati, Ngolo alianguka kwenye mahindi. Mimi ndiye niliyemkuta, na jembe bado lilikuwa mkononi mwake. Tulimpakia kwenye bodaboda, katikati ya dereva na mimi, mpaka barabara kubwa, tukapata gari, tukafika hospitali mjini. Alikaa huko mpaka karibu na Pasaka. Aliporudi, upande wake wa kulia ulikuwa umepooza, mkono na mguu, na maneno yote yalikuwa yamekwisha. Nesi alitueleza vizuri kwamba mgonjwa anasikia kila kitu na anaelewa kila kitu, ila ulimi haumtii, kwa hiyo tusiongee mbele yake utadhani hayupo. Sote tuliitikia. Haikupita hata mwezi tukawa tumesahau.

Watoto wao wa kiume walikuwa wameshahama na ng'ombe wengi kwenda upande wa Rukwa kutafuta malisho. Walipiga simu, wakatoa pole, mtandao ukakata. Ng'washi, binti yao, anauza vitenge Majengo, kule mjini, na ana watoto wanaosoma. Yeye alikuwa anakuja Jumapili baada ya ibada. Siku nyingine zote pale nyumbani walibaki Ndaki na Ngolo na ng'ombe wachache zizini.

Nataka mumwelewe huyu mzee. Ni mtu mrefu, mkavu, mwenye maneno machache. Ng'ombe wake anawatambua kwa kikohozi tu. Lakini jikoni kwake mwenyewe alikuwa hajawahi kuvuka kizingiti. Siku ya kwanza alipoingia alijigonga paji la uso kwenye boriti ya mlango, maana jiko lile lilijengwa kwa kimo cha Ngolo. Asubuhi hiyo alinifuata shambani na nundu yake.

"Mwangaluka, mayo," akasema. Mayo ni mama kwa Kisukuma, na sisi wanawake watu wazima wote anatuita hivyo.

"Mwangaluka, Baba Ng'washi. Mgonjwa ameamkaje?"

"Ameamka." Akatazama jembe langu, akatazama mahindi, akatazama mbali. "Chumvi anawekaga wapi?"

Nilicheka mpaka nikashika kiuno. Halafu nikauona uso wake, nikaacha kucheka, nikaenda kumwonyesha chumvi.

Alimwogesha, alimgeuza, alimfulia nguo. Kazi ambazo wanaume wa hapa hawazitamki hata kwa jina, yeye alizifanya mchana kweupe. Watu walisema, watu wana kazi gani nyingine. Kisimani kina mama walisema amelishwa dawa. Wanaume wenzake walisema Ndaki siku hizi ni mama wa nyumbani, na wakapunguza kuja kuota moto wake. Hakuwajibu. Si kwamba alikuwa na subira sana; alikuwa amechoka tu, na kujibu watu nako ni kazi.

Ugali wake ulikuwa na mabonge mabichi ndani, na uji wake ulinuka moshi. Lakini tatizo halikuwa upishi. Ngolo alikuwa amegoma. Hata cha kwangu alikataa. Nilimpelekea ndizi za kuponda, nikampelekea mchuzi wa samaki niliouchuja miiba yote, akafumba mdomo na kugeukia ukutani. Nadhani aliukasirikia mwili wake na hakutaka kuulisha. Nami sikuweza kwenda kila siku. Ulikuwa wakati wa kuvuna, navuna peke yangu, nikifika nyumbani sina hata nguvu za kuvua viatu.

Ndaki alikonda pamoja naye. Angekaa mbele yake na bakuli mpaka chakula kinaganda, halafu anakwenda kummwagia mbwa. Mbwa huyo ndiye peke yake aliyenenepa mwaka huu.

Jumapili moja Ng'washi alifika, akamfunua mama yake shuka ili amgeuze, akaona mbavu. Akamfunika tena taratibu. Tulikuwa wote mle chumbani, mimi nimesimama mlangoni.

"Baba," akasema, "Mama anakufia mikononi."

Ndaki alikuwa ameketi pembeni ya kitanda, akinyoosha upindo wa shuka.

"Mimi nyumbani nina maji ya bomba, nina msichana wa kazi, hospitali iko pale. Acha nimchukue."

"Hapa ni kwake," Ndaki akasema.

"Kwake atakufa, Baba. Mtazame."

Alimtazama. Sote tulimtazama, na Ngolo alikuwa katikati yetu macho wazi, tunamjadili kama gunia linalosubiri usafiri.

"Nikishindwa kumlisha, utamchukua," mzee akasema mwishowe. "Sitabisha. Ila bado sijashindwa."

Ng'washi si mtoto mbaya, msije mkamfikiria hivyo. Ana haki yake, na usiku hapati usingizi. Alifuta uso kwa upindo wa kitenge, akasema basi na iwe hivi: Jumapili ijayo angekuja na gari, na angekuja na chakula alichopika kwa mkono wake mwenyewe. Mama akila cha kwake, na cha baba akikikataa, wataondoka naye siku hiyohiyo. Ndaki akatikisa kichwa kukubali. Nilimwona Ngolo akifumba macho.

Alichotaka Ngolo nilikijua bila kuambiwa. Nyuma ya zizi lile kuna makaburi ya watoto wake wawili. Uzio wa minyaa aliupanda yeye, tawi kwa tawi. Huko Majengo angelala kwenye chumba kizuri akitazama rangi ya ukuta. Na Ndaki je? Sijui. Mimi na Ngolo tulizungumza mambo mengi sana jikoni mle, ila mapenzi hatukuwahi kuyazungumza, tulizungumza waume.

Ng'washi alipoondoka, nilikwenda nyumbani kuchuma majani ya kunde nimletee mzee kitoweo. Niliporudi jua lilikuwa bado juu ya miti, na nilichokikuta kilinifanya nisimame. Ndaki alikuwa amembeba mkewe na kumtoa nje, maana hakutaka kumwacha ndani peke yake na maneno yale. Alikuwa amemketisha kwenye ngozi ya ng'ombe, akamwegemeza kwenye gogo, palepale kwenye shikome. Shikome ni moto wa nje, mbele ya zizi, mahali pa wanaume. Wanawake hupita pale wakiwa na bakuli, wanatua, wanaondoka. Katika maisha yake yote ya ndoa Ngolo alikuwa hajawahi kuketi pale.

Mbele ya Ndaki palikuwa na boga.

"La nani hilo?" nikamuuliza.

"La kwangu. Leo jikoni siingii tena, mayo. Nimechoka."

Maboga ya Ngolo yalikuwa yamekomaa kwenye kingo za shamba bila mtu wa kuyachuma. Alikuwa amechagua moja lenye kikonyo kilichokauka na ganda gumu ambalo ukucha hauingii. Alilikata kwa kisu kuzunguka kikonyo, akatoa kifuniko, akachokoa mbegu kwa vidole akazianika kwenye jiwe. Ndani akapaka chumvi ya mawe aliyoisaga kwa mpini wa kisu, akamimina asali ya msituni kutoka kwenye chupa ya soda, halafu akaleta kibuyu cha samli. Samli ile aliitengeneza Ngolo mwenyewe kabla hajaanguka, na ilikuwa imebaki kidogo chini. Akatia kijiko kimoja, akafikiri, akatia kingine. Akarudisha kifuniko chake, akachukua kinyesi kibichi cha ng'ombe na kuziba mwanya kuzunguka pote.

"Mungu wangu," nikasema.

"Kinaungua chote, hakiingii ndani," akanijibu bila kugeuka. "Tulikuwaga tunafanya hivi machungani. Huko nyuma ya ng'ombe hakuna mama wa kukupikia."

Akalifukia kwenye makaa ya mavi makavu, yale yanayoungua polepole bila kutoa ulimi wa moto. Tukakaa. Wote tulikuwa tumechoka na ile siku. Mara mojamoja aligeuza boga kwa kijiti, na lilipoanza kupiga mluzi mwembamba kwenye kifuniko akalitoa, limekuwa jeusi kote, akalipangusa majivu na kulifungua. Ile harufu niseme nini. Utamu wa asali ulikuwa umeingia kwenye nyama ya boga, na chumvi na samli vikaja juu yake, mpaka hata mimi niliyekuwa na kinyaa nikameza mate. Nikakumbuka harufu hiyo inamfanyia nini Ngolo, nikamtazama. Alikuwa amekaza shingo.

Ndaki alikula kijiko kimoja. Halafu akafanya kile ambacho mtu yeyote aliyelelewa kwenye shikome angekifanya: pale mtu hali peke yake huku mwenzake anatazama. Akachota kijiko cha pili, akakipuliza, akakipeleka mdomoni kwa mkewe. Sidhani hata alitegemea kitu. Alifanya kwa mazoea tu.

Ngolo akafungua mdomo.

Akatafuna kwa upande ule mmoja, polepole, na machozi yakamtoka kwenye jicho moja. Akameza. Akafungua mdomo tena.

Nilisogea nikapiga magoti karibu yake. Nilikuwa tayari nimeshaanza kusema, "Baba Ng'washi, huyu, boga ha..." Mkono wake wa kushoto ukanidaka kifundo. Sikujua kama bado ulikuwa na nguvu kiasi kile. Alinitazama usoni, naye akiwa na boga kinywani, na sikuhitaji mtu wa kunitafsiria. Nikafunga mdomo wangu.

"Umeona, mayo?" Ndaki akasema. "Anakula."

Akainuka, akaenda kusimama kwenye mlango wa zizi akiwatazama ng'ombe wake ambao hawakuwa na shida yoyote, akakaa huko mpaka alipoweza kurudi na uso wa kawaida. Nilikuwa na uchungu. Hasira pia nilikuwa nazo, na sikujua nimkasirikie nani.

Tangu siku hiyo ikawa boga kila siku. Mzee alijua sasa kazi yake. Asubuhi anachuma, jua likishuka anafukia, na Ngolo anatolewa nje na kuketishwa kwenye ngozi yake. Alianza hata kulirekebisha, leo anaongeza chumvi, kesho anapunguza asali, na mara moja alitia karanga za kutwanga. Alikuwa ananieleza hayo yote kwa makini, yeye ambaye zamani ukimsalimia anajibu kwa kidevu. Ngolo alikula vijiko vichache, kila kimoja kwa jitihada ya mtu anayepandisha ndoo kisimani. Siku moja alitapika. Ndaki akadhani samli imezidi, akamwomba radhi.

Siku hiyo nilijaribu. "Baba Ng'washi, labda umjaribu tena na kitu kingine. Hata samaki kidogo."

Alikuwa anafuta ngozi pale alipotapikia. Akaacha.

"Mayo," akasema, "mimi ninachojua kupika ni hiki kimoja. Akikikataa hiki, basi Ng'washi amesema kweli, amchukue. Mume gani hajui mke wake anakulaga nini?"

Mngefanya nini nyie? Ningemwambia ukweli, angemkabidhi Ngolo kwa aibu yake mwenyewe, jioni ileile. Na Ngolo alikuwa amenishika mkono.

Kilichoninyima raha ni Ng'washi. Yeye alikua jikoni mle. Alikula na mama yake, bakuli moja, mpaka siku alipoolewa. Mama yake na boga alijua wamekosana tangu zamani, na neno moja tu kutoka kwake Jumapili lingebomoa kila kitu. Nilifikiria kumpigia simu. Lakini ningesema nini? Mama yako anameza asichokitaka ili asiondoke? Jambo kama hilo halisemeki kwenye simu, na mtandao wetu wenyewe ndio huu.

Jumapili ilifika. Gari lilisimama nje ya uzio, Ng'washi akashuka na hotipoti kichwani na godoro jipya likiwa limefungwa nyuma ya gari. Ndaki alikuwa ameshamkalisha mkewe kwenye shikome, amevaa shati la kanisani ingawa hakwenda kanisani. Boga lilikuwa kwenye makaa. Ng'washi alishangaa kumkuta mama yake mahali pale. Alimwamkia baba yake akiwa amepiga goti, akaniamkia na mimi, akakaa chini mbele ya mama yake na kufungua hotipoti.

Wali ulikuwa wa mchele wa kwetu Mpimbwe, harufu yake niliijua kabla kifuniko hakijatoka. Juu yake kulikuwa na migebuka ya mchuzi, na kichwa alikuwa amekiweka katikati, kizima. Alijua anachokifanya huyu mtoto. Alitoa miiba kwa vidole, akachanganya mnofu na wali laini, akauinua mkono.

"Mama, kula."

Niliona koo la Ngolo likipanda na kushuka. Nilimwona akikitazama kile kichwa cha samaki. Wiki nzima alikuwa amekula boga. Nikasema moyoni, kula, dada yangu, kula tu, umeshahangaika vya kutosha.

Akafumba mdomo, akageuzia uso kwenye moto.

Ng'washi alijaribu tena, na tena. Alimbembeleza kwa Kisukuma, maneno ambayo mama humwambia mtoto. Ngolo hakugeuka. Ndaki alikuwa ameinama mikono magotini, hajishughulishi na upande wowote. Mwishowe Ng'washi alishusha mkono.

Mzee akatoa boga lake. Alilipangusa, akalifungua, mvuke ukapanda. Ng'washi alipoona ni nini alichonacho baba yake mkononi, alifungua mdomo, na mimi nikajua hapo ndipo tulipofika. Lakini Ndaki alikuwa ameshapeleka kijiko, na Ngolo alikuwa ameshageuka kukipokea.

Alikula cha kwanza. Alikula cha pili. Mkono wake mzima ulikuwa umekamata ukingo wa ngozi. Cha tatu kilimkwama, akakohoa, macho yakamjaa maji, akakimeza, kisha akamtazama binti yake moja kwa moja na kufungua mdomo kwa cha nne.

Ng'washi alinitazama mimi. Nikatazama chini.

Akafunika hotipoti. Akaweka mikono miwili usoni na kuanza kulia, si kwa sauti, mabega tu. Ndaki aliona, akaweka kijiko chini, akamgusa kichwani, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya.

"Usilie, mwanangu," akasema. "Hata mimi nilikuwa sijui. Miaka yote hii, sijui kama mama yako anapenda boga."

Moto ulikuwa unatoa moshi mwembamba. Dereva kule nje alipiga honi mara moja. Nilimsubiri Ng'washi aseme, na kama angesema nisingemlaumu, maana ni mama yake.

Alijifuta uso. "Ndiyo, Baba," akasema. "Analipenda."

Kisha akainuka, akaenda kumwambia dereva ashushe godoro.

Aliporudi alikaa tena palepale na kufungua tena hotipoti. "Lakini boga peke yake halina nguvu, Baba. Boga ni la pembeni. Litamfungua tumbo tu, halafu lazima apate na kitu kingine." Hakungoja ruhusa. Akachukua wali na mnofu, akaupeleka kwa mama yake, na safari hii akasema taratibu, "Mama, nimesikia. Huondoki. Kula sasa."

Ngolo alikula samaki mzima. Kichwa Ng'washi alimshikia, akakinyonya kwa ule upande mmoja wa mdomo mpaka mifupa ikabaki mikavu. Ndaki alikuwa anatazama kama mtu anayeona ng'ombe akizaa mapacha.

"Kumbe boga limemfungua tumbo kweli," akaniambia.

"Ndiyo hivyo, Baba Ng'washi," nikamjibu. Nilikuwa nimechoka mno, nikaenda nyumbani kulala jua likiwa bado lipo.

Sasa tumezoea. Ng'washi anatuma migebuka mikavu kwa bodaboda, mimi naiunga nikipata nafasi, na nisipopata mzee anaichemsha anavyojua. Anajifunza. Ngolo ameongezeka mwili kidogo, ingawa maneno hayajarudi na nesi hakutupa matumaini. Kila jua likishuka anatolewa kwenye shikome, anakula na mumewe kwenye sahani moja, na pembeni ya sahani hiyo, siku zote, kuna boga la kuchoma lenye chumvi na asali. Mzee hali mpaka yeye ameonja. Na yeye huonja. Kijiko kimoja, siku nyingine viwili, mumewe akimtazama.

Maboga ya kwao yaliisha zamani. Ya kwangu yapo kwenye kichanja, yale ya mbegu yake, na Ndaki huja kuniomba asubuhi akiwa na haya kidogo. Mimi ndiye ninayempelekea. Ngolo akiniona naingia kwenye uzio wa minyaa nina boga kichwani, ananikata jicho ambalo ningelisikia hata gizani. Nalitua mbele yake, nanyoosha mgongo wangu, nampa pole.

Nachagua madogo.